Upande wa Kiwanja Nisiouona

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mnisamehe, nasoma kwenye daftari. Nikisimama mbele za watu bila karatasi, ulimi unaganda. Nimeandika polepole, wiki mbili, lakini ni kweli tupu.

Mimi ni mtoto wa kijijini Zombo, nimeishia darasa la saba. Mungu alinipa kazi Mikumi, kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha kambi moja ya wageni. Tulikuwa wawili, mimi na Baba Rehema, Mwislamu wa Kilosa, mtu mzima wa maneno machache. Tulifyeka nyasi na kulinda njia ya ndege. Kabla ndege haijatua, gari lilipita kufukuza swala. Kisha yeye alitembea kutoka mwisho wa mashariki, mimi kutoka magharibi, tukitazama mashimo na mawe. Tukikutana katikati tulibadilishana bendera. Kumpa mwenzako bendera ni kusema: upande wangu ni salama, nashuhudia. Halafu kila mmoja alirudi mwisho wake kulinda mpaka ndege itue.

Ikaja korona. Ndege zikapungua, zikakoma. Meneja akatuambia wafanyakazi wengi wa kambi twende nyumbani. Siku hiyo nilimwona Baba Rehema akinong'ona na meneja, kisha akaninyooshea kidole. Ndugu zangu, kidole kile kilinichoma! Nikasema, ameniuza, nafasi yangu anampa mpwa wake asiye na kazi. Yeye akabaki, mimi nikafunga begi.

Zombo nako hawakunipokea vizuri. Vijana wa bodaboda walipiga kelele, "Abiria kaja! Abiria, simama hapo hapo, usitupulizie upepo wa wazungu!" Nami sijawahi kupanda ndege hata siku moja! Shangazi alinitengea kikombe changu peke yangu. Iliniuma. Lakini haikupita muda nikawa mbaya kuliko wao. Mtu akikohoa, nahama. Mtu akinisalimia kwa upole, najiuliza anataka nini. Mama akacheka, "Mwanangu, ulikuwa unafukuza ngiri, leo unakimbia kikombe cha mama yako?" Sikucheka. Hata kwenye maombi nilifumbua jicho moja nione nani ananitazama.

Muda mrefu ukapita. Siku moja simu ikaita.

"Shikamoo, Baba Rehema."

"Marahaba. Njoo, kijana wangu. Ndege ya kwanza Alhamisi."

Badala ya kushukuru nikawaza, kwa nini apige yeye? Mpwa wake amemshinda? Nikaenda, lakini moyo ulikuwa umekunja ngumi.

Nilitegemea kukuta pori. Nikakuta kiwanja kimefyekwa, mawe yote ya pembeni yamepakwa chokaa. Fyekeo langu lenye alama nyekundu lilikuwa ukutani, mpini unang'aa kwa kushikwa. Basi nikapata ushahidi! Mtu alikuwa kwenye nafasi yangu. Sikuuliza. Mtu wa aibu akishaanza kushuku, hana pa kuisemea shaka yake.

Meneja alituonya kuwa ndege hiyo isipotua vizuri, wageni watapelekwa kiwanja kingine, na sisi tutarudi nyumbani, safari hii moja kwa moja.

Alhamisi tukatembea. Katikati, Baba Rehema akanipa bendera. "Kwangu salama." Nikampa yangu, akageuka. Nami nikawaza, huyu amenificha mambo miezi yote, leo nimwamini? Labda ameacha shimo ili lawama iniangukie. Ndugu zangu, sikurudi mwisho wangu. Nilimfuata nyuma kimyakimya nikikagua njia aliyokwisha kuikagua!

Sikuona shimo. Sikuona hata kijiwe. Ndipo nikasikia ngurumo, nikageuka. Kule magharibi, mwisho wangu nilioutelekeza, ngiri na watoto wake walikuwa katikati ya njia, mikia juu, na ndege ilikuwa inawashukia.

Nilipata neno moja tu: Yesu! Baba Rehema alinipita mbio, umri wake ule, akipunga bendera kumwonya rubani asitue. Ndege ikainua pua, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikazunguka. Tukawafukuza ngiri. Ikatua salama. Haleluya!

Walishuka wageni watatu wenye barakoa. Viti vingine vilikuwa vitupu. Rubani, dada mmoja, alijifuta jasho. "Nimekaa nyumbani nafuga kuku mpaka nikadhani sitaruka tena," alisema. "Niliona bendera, nikaiamini."

Baba Rehema akaniuliza taratibu, "Ulikuwa unatafuta nini upande wangu?"

Nikalia. Nikamwambia yote, kidole, mpwa, fyekeo. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mpwa wangu yule wa Kidodi? Yule nyasi anazijua za kwenye godoro tu! Kidole kile nilikuwa namwambia meneja, ndege zikirudi, wewe uitwe wa kwanza. Fyekeo langu lilivunjika mpini, nikatumia lako. Ningeacha pori lichukue kiwanja, ndege zingerudi zitue wapi?"

Miezi yote alifyeka peke yake, ndege hakuna, na mimi nikimlaani katika sala.

Nilikwenda mwenyewe kwa meneja nikakiri. Akasema nitabaki kama Baba Rehema atakubali kutembea nami tena. Baba Rehema aliposikia alinipa bendera yake.

Sasa ndege zinakuja mara mbili kwa wiki. Bado si kama zamani, lakini zinakuja. Nilimwomba ruhusa niseme habari hii kanisani, akasema, "Sema, ila usinipake sukari." Sijampaka.

Siwadanganyi kwamba shaka imekufa. Kila tukiachana katikati ya njia, shingo inataka kugeuka. Ila namshukuru Mungu aliyeizuia ndege ile, na aliyetumia mtu wa msikiti kunifungua mimi wa kanisani. Ndugu yangu unayelala na jicho moja wazi, kuna upande wa maisha yako huwezi kuutembea mwenyewe. Bwana amekwisha kuupita. Pokea bendera, urudi ukalinde mwisho wako.