Mpaka Aseme Basi

Aliyemletea Letisia habari za miguu ya mama yake alikuwa Filbert, utingo wa lori la mbao, naye hakumwita pembeni. Alizimwaga mbele ya kijiwe kizima. Kijiwe chenyewe ni benchi la mabanzi lililoegemea ukuta wa duka la pembejeo, jirani na njia panda ya Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya. Mwezi wa saba upepo hupita hapo bila kubisha hodi, na vumbi lake huingia mpaka ndani ya kikombe. Letisia huuza kahawa hapo, mwanawe Ebeneza mgongoni, birika juu ya jiko la mkaa. Si msemaji. Wateja wake husema kwa niaba yake na kwa niaba yao. Mchana ule walikuwapo wawili wa kila siku: Obed, aliyeitwa Mzee Nta kwa ajili ya asali na nta anazotembeza kwenye ndoo, na Odilo, fundi viatu, aliyeitwa Profesa kwa sababu hajawahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua.

— Mama Ebeneza, alisema Filbert akipuliza kahawa yake, juzi nilimwona mama yako kule Matembwe. Miguu imechanika, dada. Yale si magaga tena, ni mifereji. Jumapili aliacha damu kwenye sakafu ya kanisa. Wenzake wakapiga deki, wakanyamaza.

Mkono wa Letisia ulisimama juu ya birika.

— Mbona kwenye simu huniambia mzima?

— Mzima ni mzima. Nimesema miguu.

Letisia akamimina, kahawa ikamwagika kwenye sahani. Mama yake, Mama Oliva, anaishi peke yake tangu baba afariki. Shamba lake la viazi liko mteremkoni, na hakuna wa kumshukia. Miguu ile ikigoma, nyumba imefungwa.

— Ni baridi hiyo, alisema Mzee Nta. Akanyoosha viganja vyake, vikavu, vimepasuka kwenye vifundo. Baridi na upepo vinanyonya mafuta ya mwili. Nitakupa kipande cha nta, mama. Unayeyusha na mafuta ya alizeti, moto mdogo. Anaosha miguu, anakausha, hasa katikati ya vidole, anapaka, anavaa soksi, analala. Asubuhi anajishangaa.

— Nta ni ya mishumaa, alisema Profesa.

— Na wewe hizo nyuzi zako za viatu unazipaka nini? Siagi?

Filbert akacheka mpaka kahawa ikampalia. Profesa hakucheka. Alikuwa na kiatu cha mtu mapajani, akakigeuza soli juu.

— Nyie mnatazama juujuu. Shida ni saruji. Zamani sakafu ilikuwa ya udongo, mguu na udongo vinajuana. Siku hizi kila nyumba saruji. Saruji inakunywa. Mwaga maji hapa uone kama hayapotei. Sasa mtu anasimama juu yake kutwa nzima, unadhani inamwacha?

— Nyumba ya mama ina sakafu ya udongo, alisema Letisia kwa sauti ndogo.

Profesa akakigeuza kiatu upande wa pili.

— Basi ni mbolea, alisema Profesa. Anakanyaga shamba lenye mbolea ya chumvichumvi.

— Au treni, alidakia Mzee Nta. Treni ikipita hapa ardhi inatikisika mpaka huko. Ardhi ikipasuka, na nyayo zinafuata.

— Treni ya hapa impasue mtu wa Matembwe?

— Tetemeko huwa linasimama stesheni?

Walikuwa wanafurahi sasa. Letisia hakufurahi, lakini hakuwa na mahali pengine pa kuuliza. Alikuwa amezoea kuchagua punje mbili tatu za maana katika makapi ya maneno yao.

— Ila yule mama ni mgumu, alisema Filbert. Sikilizeni. Juzi hiyohiyo alipita pale tunapopakia mbao, akaniletea ulanzi kidogo. Namwangalia anavyoondoka, naona kandambili yake inainuka na kushuka kama imegongewa mguuni. Namwita, mama, ngoja kwanza. Nainua mguu wake. Msumari, jamani. Umetoboa kandambili, umeingia kwenye kisigino. Nikauchomoa kwa koleo. Unajua aliniambiaje? Aliniambia, asante baba, na kunywa ulanzi wako usichache.

Mzee Nta alipiga goti lake kwa kiganja.

— Wanawake wa zamani hao. Siku hizi mtu akichomwa na mwiba anaomba likizo.

— Ngozi imekuwa soli, alisema Profesa, na sauti yake ikabadilika, kwa kuwa sasa mazungumzo yalikuwa yameingia kwenye kazi yake. Hapo ndipo mnaponihitaji. Ngozi ni ngozi, ya ng'ombe au ya mtu. Ikikakamaa huwezi kuipaka mafuta, yatateleza tu juu. Kwanza uiloweke. Mimi hapa ngozi kavu naitia kwenye maji ya moto, inalegea, ndipo naipaka. Mama naye hivyohivyo. Beseni, maji ya moto, chumvi ya mawe. Si uvuguvugu wa kumwogeshea mtoto. Moto. Aanze na yale anayoyaweza, halafu aongezewe, aongezewe, mpaka mwenyewe aseme basi.

— Hilo nalo neno, alisema Mzee Nta. Halafu nta yangu.

— Halafu nta yako.

Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kwa wawili hao kukubaliana, na Letisia aliona kwamba jambo ambalo hata hawa wamekubaliana haliwezi kuwa baya. Akafuta mikono, akapiga simu kwa Kristina, jirani wa mama yake, kwa sababu Mama Oliva hana simu yake. Kristina akampelekea.

— Mama, umenificha miguu.

— Miguu ya mzee hiyo, mwanangu. Mtoto hajambo?

— Hajambo. Mama, jioni chemsha maji. Tia chumvi ya mawe, loweka miguu. Yawe ya moto, na uongeze mpaka wewe mwenyewe uone basi. Kesho nampa Filbert nta na mafuta.

— Nimesikia. Kuni zipo.

Letisia akaweka simu kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu Filbert afungue mdomo alitabasamu, na Profesa akakidai kikombe cha pili kama mtu aliyekistahili.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja na gunia lake la viazi, anasubiri gari la kwenda Iringa. Mtu wa Matamba, alisema. Alisalimia kamwene, wakamwitikia, akapewa ncha ya benchi. Filbert hakuweza kujizuia. Akamsimulia msumari tangu mwanzo, koleo, ulanzi na yote. Akangoja acheke.

Mwanamke alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Na huo msumari, aliuliza, aliusikia?

— Nini?

— Ulipoingia. Alijua kwamba upo?

Filbert akakumbuka kwamba mama yule hakuwa akichechemea. Akamtazama Mzee Nta. Mzee Nta akatazama ndoo yake. Profesa alichukua kile kiatu, akaanza kukikagua mahali ambapo hapakuwa na kitu.

— Mimi nauliza tu, alisema mwanamke.

Letisia alikuwa ameshatoa simu. Kila jioni, kabla ya kumtia Ebeneza kwenye beseni, huchovya kiwiko, kwa maana mtoto hawezi kusema yamezidi. Hakumwambia mama yake achovye kiwiko. Ilikuwaje asimwambie. Simu ya Kristina ilikuwa imezimwa. Kule huwa wanaipeleka dukani kuchajiwa. Akapiga tena. Filbert akampigia mlinzi wa mbao wa kulekule, hakupatikana. Jua lilikuwa limeinama, na kule Matembwe ni saa ya kuwasha moto.

— Dada, alisema Filbert, lori linaondoka alfajiri. Kabla ya hapo hakuna gari.

— Kahawa imebaki? aliuliza Mzee Nta, ili kuwe na sauti.

Letisia aliinamisha birika. Kulikuwa na masimbi tu.

Alfajiri alipanda lori, Ebeneza akiwa mgongoni, wakapita Njombe mpaka kwenye paini za Matembwe. Alimkuta mama yake ameketi mlangoni, kwenye jua, miguu ameifunga kwa kitenge cha zamani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata mgeni wa heri.

— Karibu, mwanangu. Dawa yenu kiboko. Yote imelainika.

Letisia alipiga magoti, akaanza kukifungua kitenge. Hakikutaka kutoka peke yake; ngozi ilikuwa inakuja nacho. Filbert aliyekuwa nyuma yake aliona, akageuka kutazama lori.

— Uliongeza maji, mama?

— Niliongeza kama ulivyosema. Nikawa nangoja niseme basi. Mwisho yakapoa yenyewe.

Letisia alikirudisha kitenge taratibu, bila kuvuta. Akamvua Ebeneza mgongoni, akamkabidhi kwa bibi yake, akachukua ile kanga safi aliyombebea mtoto, akaizungushia miguu yote miwili. Kisha akamwita Filbert. Wakamnyanyua kila mmoja upande wake, wakampeleka kwenye lori, na Letisia akapanda, akaipakata miguu ile mapajani.

— Hospitali ya nini sasa, aliuliza Mama Oliva akimbembeleza mjukuu wake, na hakuna panaponiuma?