Wifi Yangu Hakuwa Bikira

Baba Askofu wetu, waheshimiwa mashemasi, wajane wenzangu, nanyi wageni mliokula vumbi tangu Karthago: amani iwe kwenu.

Leo ni siku ya kuzaliwa kwa wifi yangu Arishati, yaani siku aliyouawa, kama tuhesabuvyo sisi Wakristo. Shemasi Rogati amehubiri vizuri hapa kaburini pake, simnyimi haki yake. Lakini aliposema "bikira mpole asiyeinua sauti," nilipaliwa na uji. Mpole nani? Huyu aliyemtia kaka yangu adabu kwa mwiko? Na kama alikuwa bikira, Donatila huyu aliyekaa mbele yenu tulimwokota wapi, sokoni?

Liwali hakuwa na haraka ya kumuua. Alimwambia atupe ubani kidogo tu motoni kwa ajili ya miungu, aende zake akanyonyeshe. Wifi akakataa. Akaulizwa amezaliwa lini. Akajibu, "Nazaliwa kesho, Mungu akipenda." Watu wakaangua kicheko, liwali akaona huyu ana kichaa, akataka kumwachia. Hapo si angenyamaza? Anyamaze, wifi yangu! Alimfafanulia neno lile mpaka mzee wa watu akachoka, akatoa hukumu. Mdomo ulimponza, na mpaka leo namkasirikia.

Sasa mchongaji yuko pale na patasi yake, anasubiri tumalize. Neno "bikira" likiingia kwenye jiwe hili la kaburi, Donatila atakuwa mtoto wa nani? Tayari wenzake kisimani wanamcheka, eti mtakatifu hazai.

Donatila mwanangu, mimi nilikuwepo langoni pa uwanja alikouawa. Mama yako alitetemeka, kucha zake zikaniingia mkononi. Wanasema alitazama mbinguni. Uongo mtupu, alikutazama wewe, mgongoni kwangu. Akaniambia, "Wifi, naogopa. Usikubali anisahau." Kisha akaingia, na woga wake vilevile.

Baba Askofu, ukiona nimekosa adabu, nipe kitubio. Kufunga hakunitishi, meno yenyewe sina. Lakini jiwe hili liseme: Arishati, mama wa Donatila. Mwenye kupinga asimame, amtazame binti huyu usoni, ndipo aseme.

Naona hakuna aliyesimama. Nawashukuru kwa kunitegea sikio. Mchongaji, anza na neno "mama."