Gari la Thérèse na Hita ya Gereji

Ndani ya basi la mji wa Chicoutimi, Kanada, Ghislaine alitega sikio bila haya. Kutu ilikwisha kumlia magari matatu, na la mwisho alikuwa akiiona lami kupitia matundu ya sakafuni.

Kiti cha mbele, mzee Normand alikuwa akimsaili abiria mwenzake, Maude, aliyedai gari lake lina miaka thelathini na moja na halina hata tundu la kutu. "Unalifanyaje, binti?"

"Kila Oktoba najilaza chini yake, napuliza mafuta kila pembe, halafu nalikimbiza barabara ya vumbi mpaka vumbi ligande."

"Mafuta, kisha vumbi! Hilo gari au samaki wa kukaanga?"

"Cheka tu, mzee wangu. Ganda lile, chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji hailipenyi."

Normand akasema gari la marehemu mkewe, Thérèse, halihitaji uchafu huo. Kila jioni huliingiza na theluji yake kwenye gereji yenye hita, liamke kavu.

Maude akashika kichwa. "Theluji hiyo imejaa chumvi! Ikiyeyuka kwenye joto inakula chuma usiku kucha. Liache nje."

"Gari la Thérèse lilale nje? Kwenye baridi hii?"

Maude hakucheka, na hapo ndipo Ghislaine alipomvulia kofia kabisa. Basi likasimama. Wale wawili wakashuka wakibishana.

"Hiki si kituo chako," Normand alinung'unika.

"Najua. Nionyeshe uvungu wa hilo gari kwanza."

Ghislaine naye akashuka, akawafuata, ingawa kwake ni vituo vitatu mbele.