Peke Yangu Kwenye Chumba cha Mionzi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Wengi mnanifahamu, mimi ni Mama Deus, mkulima wa hapa hapa Kaengesa. Leo nimesimama kumshukuru Mungu, maana amenitoa mahali ambapo sikudhani ningetoka.

Nilikuwa mtu mwenye afya. Nililima ulezi na mahindi, niliimba kwaya, na kwenye harusi zenu mlinikuta jikoni. Kisha nikapapasa uvimbe kwenye titi. Nikapimwa Sumbawanga mjini, nikapelekwa Mbeya, na huko daktari akaniambia ni kansa. Nikaanza kemo, zile dawa kali za dripu.

Kemo ilinitesa. Nywele zilitoka zote, mdomo ukajaa vidonda, hata harufu ya ugali ikanishinda. Lakini sikuwa peke yangu. Mdogo wangu Yustina alikaa kando yangu ameshika beseni. Tulikuwa wanawake wengi chumba kimoja, kila mmoja na dripu yake, tukiambiana habari za watoto na mashamba. Mmoja akitapika, wenzake wanampa pole. Baadaye nikafanyiwa upasuaji, titi likaondolewa. Nikadhani nimemaliza.

"Bado mionzi, mama," daktari akasema. "Hiyo utaifuata Dar es Salaam."

Safari hii Yustina alikuwa amejifungua, na mume wangu alikuwa na mavuno na watoto. Nikaenda peke yangu. Na kabla sijaondoka, maneno yalishaenea kwamba mionzi inamuunguza mtu mpaka ndani, tena aliyepigwa mionzi anawaambukiza wenzake. Ingawa nilikuwa bado sijapigwa, waliokuja kuniaga walisimama uani, hawakuingia. Siwalaumu, hata mimi sikujua.

Kule walinichora alama kifuani kwa wino, wakaniambia nisizifute. Nikalazwa kwenye kitanda kigumu, kifua wazi, mkono juu ya kichwa. "Mama, usitikisike," akasema dada wa mashine. Kisha wakatoka wote, mlango mzito ukafungwa. Mashine ikaanza kunizunguka ikinguruma. Ndugu zangu, haiumi. Lakini nilijiuliza, kama hii ni dawa, mbona wote wameikimbia wakaniacha nayo? Nikaanza Salamu Maria, maneno yakanikatikia katikati.

Ikawa hivyo siku zote za kazi, wiki baada ya wiki. Ngozi ya kifua ikawa nyeusi. Nikirudi hosteli ya wagonjwa nalala nikitazama ukuta. Nikipiga simu nyumbani nasikia kuku na kelele za watoto, na simu ikikatika nalia. Baba Deus alisema, "Huku wote wazima, wewe maliza dawa." Nilitamani aniambie rudi. Hakusema. Basi asubuhi moja nikafunga begi niende stendi.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mtu mzima, Bi Mwasiti, Mwislamu wa Kirando, kule ziwani. Naye alikuwa anapigwa mionzi. Tulikuwa tunasalimiana tu.

"Shikamoo, mama. Mimi naondoka."

"Marahaba. Umemaliza, mwanangu?"

"Hapana. Naogopa ule mlango ukifungwa."

Hakunicheka. Akajifunga kanga yake vizuri, akaketi kitandani kwangu, karibu kabisa. Tangu nitoke nyumbani hakuna mtu aliyekuwa amekaa karibu nami hivyo.

"Hata mimi niliogopa," akasema, "mpaka nikamuuliza yule dada. Wao wako pale mwaka mzima, wakibaki ndani kila mara itawadhuru. Kwako wewe ndiyo dawa. Na wakiwa nje wanakuona kwenye televisheni muda wote. Twende. Nitakaa kwenye benchi mpaka utoke."

Nikaliacha begi, tukaenda. Mlango ulifungwa kama siku zote, mashine ikanguruma kama siku zote. Lakini nilijua nje kuna mtu anayenisubiri. Salamu Maria nikaimaliza, nikaianza nyingine.

"Umetoka?" akaniuliza.

"Nimetoka, mama."

Tukaenda kunywa uji. Tangu hapo yeye alinisubiri mimi na mimi nikamsubiri yeye, yeye na tasbihi yake, mimi na rozari yangu. Alimaliza kabla yangu akarudi Kirando, na siku zangu za mwisho nilibaki bila yeye. Upweke ulirudi, sitawadanganya. Lakini sikufunga begi tena.

Nilimwomba Mungu aniondolee mionzi, hakuniondolea. Alinipa mtu wa kunisubiri nje, nami nikaimaliza. Kliniki ya mwisho daktari alisema haoni ugonjwa. Bado narudi kupimwa, na kila nikirudi naogopa kidogo. Hata hivyo namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi mliopalilia shamba langu.

Wewe unayeficha uvimbe, mtumaini Mungu uende hospitali. Ukiambiwa mionzi, nenda. Nami nawaambia wote, mionzi ile haiambukizi. Mgonjwa akirudi, ingieni ndani mkae naye, mpeni mtoto ampakate.

Kule Malangali kuna mama ameanza kemo wiki hii. Baada ya misa naenda kumwona. Anayetaka kufuatana nami, anikute hapo nje ya kanisa.