Mwalimu Vitalia na Mteremko Ulioota Maneno

Mwalimu Vitalia Nyoni anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na saba ya kufundisha katika shule yetu hapa Kitura. Miaka yote hiyo ni shule moja, nyumba moja, na kalamu nyekundu ambayo wengine tuliiogopa kuliko chui. Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, walimu vijana walijaribu kwanza. Nilisoma walichoandika, nikawaambia, "Leteni hapa." Mimi ni Zabron, mlinzi na msimamizi wa shamba la shule, ambaye nyote mnaniita Mjomba. Niliishia darasa la tano, ndiyo, lakini lilikuwa darasa la tano la Mwalimu Vitalia, ambalo kwa hesabu za leo ni chuo.

Alipanda huku kutoka Lituhi, ziwani, Januari 1988, binti mwembamba mwenye sanduku la bati na kikapu cha usipa, dagaa wa kwao. Ngolo hakuwa amewahi kuziona. Kwao ni mchanga na mihogo. Alisimama mbele ya mteremko wa shule akazitazama ngolo zetu, yale mashimo ya mraba tunayochimba Wamatengo mlimani, na matuta yanayoyazunguka, akauliza ni nani aliyelaza daftari la hesabu juu ya mlima. Sisi watoto tulicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anafikiri, na kufikiri kwake ndiko kulikotuponza.

Msimu uliofuata ikazaliwa imla ya shambani. Mwalimu anasimama ng'ambo ya kijito, anatamka neno mara moja tu. Darasa linapanda maharage juu ya yale matuta yanayochora herufi, mengine linayaacha matupu. Halafu mnasubiri. Ubaya wa imla hii ni kwamba kosa la daftarini unalifuta kwa mate na kidole, lakini la shambani linaota. Linachanua. Mama yako akienda kanisani Jumapili analisoma, na padri naye analisoma. Sheria ilikuwa moja: aliyekosa anarudia neno lilelile msimu ujao. Mimi "mshumaa" nililirudia misimu mitatu, na hakuna mtu Mbinga nzima anayelijua neno lile kwa undani kama mimi. Tena herufi zangu zilikuwa kubwa hata ndege moja iliyokuwa ikielekea Songea iliinamisha bawa, rubani akasoma, akanipungia mkono. Kuna wanaobisha. Hawakuwepo.

Kalamu yake haikukaa shuleni tu. Aliwahi kupelekewa kadi ya mwaliko wa harusi, akairudisha kwa wazazi wa bwana harusi ikiwa na alama nne juu ya kumi, na mchango wake ndani ya bahasha ileile. Harusi ilifana, na kadi za mtoto wa pili zililetwa kwake kabla ya kuchapwa. Kwenye kundi la walimu katika simu, msiba ulipotokea na vijana wakaandika "poleni xana", alijibu kwa mstari mmoja kwamba marehemu anastahili herufi zake zote. Kundi lilinyamaza siku mbili. Nadhani walikuwa wanatafuta herufi.

Sasa niseme la mwaka huu, maana ndilo kubwa. Januari, mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Aidan, kijana msomi na mwenye heshima zake, alitoa wazo kikaoni kwamba Mwalimu Vitalia akiondoka, mteremko ule usawazishwe uwe uwanja wa netiboli. Mimi nilikuwa nagawa chai, nilisikia yote.

"Imla imepitwa na wakati, Mwalimu," alisema. "Siku hizi simu inasahihisha yenyewe."

"Ikiisha chaji?"

"Tunachaji, Mwalimu."

Mwalimu Vitalia aliweka kikombe chini. Akaomba msimu mmoja wa mwisho: neno moja, vizazi vitatu, kila kizazi na kipande chake cha mteremko. Mwalimu Aidan akakubali kiungwana, akasema watoto wakipata, shamba linabaki, wakikosa, greda linapanda.

"Kwa sheria za imla?" aliuliza Mwalimu Vitalia.

"Kwa sheria zote za imla, Mwalimu. Mwanzo mpaka mwisho."

Machi tukapanda. Neno lilikuwa "tafadhali". Kipande cha juu walipewa mabibi, wale waliosoma ngumbaro enzi za elimu ya watu wazima. Mababu wa rika lao walikataa kushiriki, kila mmoja akidai amesahau miwani, hata wale ambao hawajawahi kuwa na miwani. Kipande cha kati tulichukua sisi wazazi, nahodha nikiwa mimi. Cha chini walipanda darasa la sita, ambao walimaliza kabla ya wote wakaenda kucheza. Niliwauliza mbona wana haraka. Wakaniambia, "Mjomba, mtu akisoma si ataelewa tu?"

Aprili mteremko ukasema. Juu, mabibi: TAFADHALI, imenyooka kama misa ya Kilatini. Katikati, sisi: TAFAZALI. Naomba ieleweke kwamba herufi ile ilipopandwa nahodha alikuwa amekwenda kunywa maji. Kwa ukubwa na unene wa majani, hata hivyo, hakuna aliyetufikia. Chini, darasa la sita: TAFADHAL. Basi. Herufi ya mwisho waliona ni uharibifu wa mbegu.

Kitura nzima ikashika kichwa, maana hakuna asiyelipenda shamba lile, hata sisi lililotuaibisha. Greda lilishaulizwa bei. Lakini siku ya kusahihisha, wiki mbili baadaye, tulipokusanyika wote ng'ambo ya kijito, neno la watoto lilikuwa limetimia. Pale mwishoni imeota I, wima, safi. Watoto wakaruka. Mwalimu Aidan, simu mkononi, akaanza kupiga makofi.

Mwalimu Vitalia hakupiga. Alishuka, akavuka kijito, akapanda mpaka kwenye ile I, akainama. Maharage ya herufi nyingine yalikuwa yanafika magotini. Ya ile I yalikuwa na majani mawili mawili, machanga kabisa. Jirani na tuta, akiwa ametangulia kuvuka, alikuwa amesimama Bibi Beata, nahodha wa mabibi, ambaye mjukuu wake yuko darasa la sita, na ambaye pindo la kanga yake huwa halikosi mbegu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Maharage haya yamechelewa kuota."

"Mvua, mwanangu."

"Mvua iliyaruka haya tu?"

"Mvua za siku hizi, mwanangu, zinachagua."

Kuna walionigeukia mimi, eti mlinzi nilikuwa wapi. Mlinzi makini huona vingi, na safari za bibi wa watu hazimo katika kazi zake.

Mwalimu Vitalia akashika shina la kwanza, akang'oa. Akang'oa la pili. Aliing'oa I yote mpaka tuta likabaki tupu, na watoto wakaanza kulia, na mimi, nawaambieni, jasho liliniingia machoni. Mtu aliyeujenga mteremko ule kwa miaka thelathini na saba alikuwa anaubomoa kwa mkono wake, kwa ajili ya herufi moja ambayo haikuwa ya watoto.

"Basi, wamekosa," Mwalimu Aidan akasema kwa upole, akatafuta namba ya mwenye greda.

"Wamekosa," alijibu Mwalimu Vitalia kutoka kule juu, kwa sauti ileile ya kutamkia maneno. "Na sheria ya imla, aliyekosa anafanya nini?"

Hakujibu mtu mmoja. Ilijibu Kitura nzima, mabibi, wazazi na watoto, na mimi kuliko wote kwa kuwa nina uzoefu: "Anarudia!"

Mwalimu Aidan aliitazama simu. Simu nayo ilimtazama. Alikuwa amekubali sheria zote, mwanzo mpaka mwisho, mbele yetu na mbele ya chai. Basi msimu ujao darasa la sita watalirudia neno lao wakiwa la saba, sisi wazazi tutalirudia letu, na wa kulitamka ng'ambo ya kijito ni yeye mwenyewe. Ameanza mazoezi. Juzi nilimsikia.

Maharage mnayokula leo hapa yametoka vipande vyote vitatu, na yameiva sawasawa. Mabibi wamemfungia Mwalimu debe moja la mbegu kutoka kipande chao, akapande Lituhi, ingawa mchanga wa kule sijui kama unajua kusoma.

Mwalimu Vitalia, shikamoo. Ahsante kwa kila herufi, hata zile ulizotung'olea. Nenda kapumzike kando ya ziwa, ule usipa, ulale mpaka jua likuchome. Ila upumzike sawasawa. Ukikosea, unarudia.