Ndama Kwenye Nyasi za Bwana Lars

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya mapipa mawili, njia panda ya kwenda Rwamgasa, pembeni ya jiko la kahawa la Gregory. Kiangazi cha mwaka tisini na saba kilitukamata vibaya, ng'ombe wamebaki mbavu tupu. Na ng'ambo ya barabara, katikati ya vumbi lote lile, kulikuwa na kiwanja cha nyasi za Bwana Lars, mzungu wa kupima miamba. Mwenye kuzilea alikuwa Masele, mwenzetu wa ubao huu huu. Mimi wananiita Redio kwa sababu sizimiki, lakini haya ninayoyasema leo nilikaa nayo kimya miaka mingi, na yananiaibisha mpaka sasa.

Mbegu zilikuja ndani ya mkebe kutoka kwao, kwenye baridi. Masele alizitunza kama mtoto njiti. Maji alimwagia alfajiri, mara chache lakini mengi, ili mizizi ishuke chini. Kukata alikata ncha tu, hazidishi theluthi, maana ukikata fupi jua linaingia mpaka kwenye shina. Joto la Septemba lilipozidi zikageuka kahawia. Tukamcheka, naye akatueleza kwa fahari kwamba hazijafa, nyasi za nchi za baridi zikizidiwa na joto zinalala, mvua ikija zinaamka. Alitueleza akidhani anaongea na watu wenye akili.

Sisi tukasikia kingine kabisa. Kwa Msukuma, nyasi zilizozuiwa kwa uzio tangu mvua, zikakauka zikiwa zimesimama, ni ngitili, na ngitili kazi yake ni hiyo: kiangazi kikikaza unafungua, wanaingia ndama na ng'ombe wagonjwa. Jumapili Masele akiwa kanisani na Bwana Lars yuko Mwanza, nilifungua waya wa geti kwa mkono wangu huu. Wakaingia ndama wangu, wa Karasha na wa Mwalimu Theonest, wenzetu wa ubaoni. Nyasi zenyewe zilikuwa changa bado, ndama akivuta anaondoka na jani, mzizi na udongo. Tulipowatoa, kiwanja kilikuwa kimebaki mabaka matupu.

Jumatatu asubuhi Masele akafukuzwa kazi. Alivuka barabara akaja kukaa katikati yetu, akaomba kahawa kama siku zote. Akasema huenda hakuufunga waya sawasawa, akawa anaitazama mikono yake. Pale ndipo mtu mwenye haya angesema. Sisi tukaanza kumfariji.

Mwalimu Theonest, aliyefundisha sayansi darasa la sita mpaka akastaafu, akasema kosa si la Masele, waya ukipigwa na jua unarefuka, na ukirefuka unajifungua wenyewe. Karasha, aliyepewa jina na mashine ya kusaga mawe ya dhahabu aliyoifanyia kazi, akaapa aliwahi kuona mbuzi akifungua nati kwa meno, sembuse ndama. Mwalimu akamuuliza nati ya namba ngapi. Karasha akasema kumi na saba.

Nami nisingekubali kupitwa. Nikasema ni ile mashine ya Bwana Lars ya kuchoronga miamba, inatikisa ardhi mchana kutwa, nyasi zilikuwa usingizini zikashtuka zikang'oka zenyewe, ndama walipita tu wakaokota. Karasha akacheka mpaka akamwaga kahawa. Masele naye akatabasamu kidogo, na lile tabasamu lake lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Tukiwa kwenye mjadala wa mashine, akatokea Paskazia, mke wa Masele, ambaye hajawahi kukanyaga kijiweni kwetu. Akamwamkia Mwalimu shikamoo, Mwalimu akaitikia marahaba akitazama chini. Gregory akamsogezea kigoda, akakataa kukaa.

— Nimetoka kwa Bwana Lars, alisema. Nimekwenda kumwomba mwenyewe. Amesema Baba Mariana atarudi kazini leo hii akimtajia mwenye ndama, aongee naye, basi. Lakini Baba Mariana anasema alipotoka kanisani alikuta alama za kwato tu.

Masele hakuinua uso.

— Ninyi mnashinda hapa, geti hili hapa mbele yenu, akaendelea Paskazia, wala hakupaza sauti. Ndama walikuwa wa nani?

Tangu asubuhi tulikuwa tumechambua waya, jua, nati na ardhi. Hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Mwalimu akafuta miwani yake. Karasha akageukia upande wa jiko, kana kwamba mkaa unamwita. Mimi Redio, mwenye maneno ya kila saa, nikainamia kikombe changu. Nilikuwa na ndama mmoja tu aliyebaki, na niliogopa mzungu atamtaka. Huo ndio ukweli wangu, ni mdogo hivyo.

Paskazia akangoja. Alingoja mpaka nikasimama.

— Mama Mariana, nikaanza.

— Kaa, Redio, alisema Masele. Kahawa yako inapoa.

Akainuka, akamshika mkewe bega kumgeuza waondoke. Kisha akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayemjali jirani yake:

— Yule wako mwenye doa usoni usimfunge leo, mtembeze, mtazame tumbo. Jumamosi zile nyasi nilizitia mbolea ya dukani, zikingoja mvua, na mbolea ile ni sumu kwa ndama. Waambie na hawa wenzako.

Msukuma gani asiyezijua kwato za ndama wa jirani yake? Walivuka barabara pamoja, wakapita geti bila kulitazama, wakashika njia ya kwao. Bado ningeweza kupaza sauti, walikuwa hawajafika mbali.

Nikakaa.