Mama Ndoo Anashuka Jukwaani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kuigiza katika ukumbi huu, mwenzetu tunayemwita Mama Ndoo anastaafu. Alikuja akiwa msichana mwembamba mwenye sauti nzito iliyomshangaza kila aliyemsikia. Ameigiza majaji, wachawi, wake wenza, wajane wasiohesabika, na safari moja nusu ya mbele ya farasi, kwa kuwa mwenye sehemu hiyo aliamka akiumwa jino. Ameigiza mashuleni, magerezani na katika wodi za hospitali. Anaondoka kabla umri wake wa kustaafu haujafika, na sababu itaelezwa hapa, maana mwenyewe ameagiza isifichwe.

Kwanza jina lake. Kila onyesho, tangu lile la kwanza kabisa, muda mfupi kabla ya kuingia, Mama Ndoo alitapika. Ndoo ya plastiki ya bluu ilikaa nyuma ya pazia la kushoto, na msafishaji wetu aliiandika kwa rangi: SI YA KUDEKIA. Anainama, akimaliza anasukutua, anajifuta, anavuta pumzi, kisha anatoka mbele za watu kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni. Waliokaa viti vya mbele hawakujua kwamba yule jaji mkali alikuwa amepiga magoti sasa hivi kama mgonjwa wa kipindupindu. Daktari mmoja alimshauri atafute kazi ya ofisini. "Daktari," alimjibu, "ofisini pia nitatapika, na huko hakuna wa kunipigia makofi."

Miaka michache baada ya kuajiriwa alimleta mdogo wake wa kike. Mdogo mtu alikuwa na kipaji kumzidi dada yake, na wote tuliokuwepo tunakiri. Lakini hofu yake haikuwa ya kuishia kwenye ndoo. Ilimkalia kifuani. Vidole vilimfa ganzi, chakula hakipiti, usingizi hauji.

"Dada, mimi siwezi," alikuwa akisema.

"Utazoea," dada mtu alimjibu kila mara. Yeye mwenyewe hakuwa amezoea, ila aliamini ndivyo mtu anavyotiwa moyo.

Ikawa Jumamosi moja alasiri, ukumbi umefurika. Walikuwa wawili jukwaani, wakiigiza mtu na wifi yake. Mdogo mtu alifungua kinywa, kisitoke kitu. Mimi nilikuwa pembeni, kwa kuwa kazi yangu ni kuwanong'onezea waigizaji maneno wanapokwama. Nilinong'ona, nikarudia, mwisho nikasema kwa sauti ambayo safu ya mbele waliisikia. Mtu akapiga mluzi. Kicheko kikaanza kutambaa kiti kwa kiti. Hapo Mama Ndoo akafanya kile ambacho jukwaa lilimfundisha: alimpa mdogo wake mgongo, akasema maneno yake na ya mwenziwe pia, akamfanya yule wifi bubu kuwa kichekesho. Watu walivunjika mbavu. Meneja wa wakati ule alimpongeza mbele yetu sote kwa kuliokoa onyesho. Mama Ndoo alipofika chumba cha kubadilishia nguo, mdogo wake alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma, bado amevaa gauni la mchezo.

Hakurudi tena, hata kutazama. Nyumbani aliacha kuimba akiosha vyombo. Alifariki miaka kadhaa baadaye kwa ugonjwa wa kifua, na muda wote huo kati ya ndugu hao wawili zilibaki salamu tu: umeamkaje, watoto hawajambo, haya kwaheri. Siku ya mazishi Mama Ndoo aliombwa aseme machache, kwa kuwa ndiye mkubwa, na kila mtu alijua kusema mbele za watu ndiyo kazi yake. Alisimama. Akatutazama. Akakaa.

Tangu hapo neno "utazoea" halikutoka tena kinywani mwake. Wiki chache baada ya msiba alimwendea meneja, akaomba stoo ya mavazi chakavu.

"Ya nini?" meneja akauliza.

"Watu watetemekee humo."

Meneja alidhani ni mzaha, lakini funguo alitoa, na seremala akabandika kibao mlangoni: CHUMBA CHA KUTETEMEKA. Ndani kulikuwa na benchi, jagi la maji na feni iliyopiga kelele kuliko upepo. Aliyeogopa aliingia, na Mama Ndoo akakaa naye bega kwa bega. Hakumhubiria mtu. "Tetemeka, mwanangu," alisema. "Mimi nipo. Ukishindwa kutoka leo, nitakwenda kuwaambia mwenyewe, na dunia haitaisha." Wengi walitoka wakaigiza. Wachache walishindwa, naye akatimiza ahadi: alisimama mbele ya pazia, akatangaza kwamba hakuna onyesho, akazomewa yeye badala yao. Hata yule jamaa yetu mnene anayeigiza wafalme aliingia humo kila mara na taji lake kichwani, akimshika Mama Ndoo mkono kama mtoto anayesubiri sindano. Ametupa ruhusa kuandika hilo, mradi tusimtaje jina.

Mwaka jana tulianza kuona mambo. Maneno ya michezo aliyoijua kama jina lake yakawa yanampotea. Aliweza kuuliza jambo, akajibiwa, akaliuliza tena kabla chai haijapoa. Sisi tulisema ni uchovu, au hofu imemzidi uzeeni. Alikataa. "Hofu naijua," alisema, "nimelala nayo na kuamka nayo. Hiki ni kitu kingine."

Kisha ikaja jioni ya mchezo wa mama anayekataa kuuza nyumba yake. Nilimkuta nyuma ya pazia ameegemea ukuta, uso umetulia, viganja vikavu. Ndoo haikuwa na kitu.

"Leo vipi?" nikamuuliza.

"Salama kabisa. Sijisikii chochote."

Nilifurahi, nikampa mkono wa hongera. Sikujua kwamba ametulia kwa sababu hakumbuki kuna watu upande wa pili wanaomngoja.

Aliingia kwa kuvutwa mkono na binti aliyeigiza mkwe wake. Sehemu ya kwanza ilikwenda, mwili ukimbeba kwa mazoea. Katika sehemu ya pili alisimama katikati ya jukwaa, akawatazama watu waliojaa gizani, akamgeukia yule binti na kumuuliza kwa adabu, "Samahani, hawa wote wamekuja kwa nani?"

Watu walicheka, wakidhani ni mchezo.

Yule binti ni miongoni mwa waliotetemekea stoo ile. Kuziba pengo alijua. Angeligeuza swali lile kuwa utani na ukumbi mzima ungemshangilia. Hakufanya hivyo. Alimshika Mama Ndoo mkono, akawaambia watazamaji, "Mama yetu anaumwa. Tunaishia hapa. Mtusamehe." Wakatoka polepole, pazia likashuka. Hakuna aliyepiga makofi wala aliyezomea. Watu walisogeza viti taratibu kama wanaotoka wodini.

Madaktari wamesema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba yaliyokwenda hayatarudi. Binti yake wa kumzaa, fundi wa kushona, amehamishia cherehani nyumbani ili awe karibu naye.

Nilimtembelea katika mojawapo ya siku zake nzuri, kumuuliza tuandike nini kumhusu.

"Andika yote," alisema. "Usinipambe kama maiti."

"Na la mdogo wako?"

Alikunja na kukunjua upindo wa nguo yake. Cherehani chumba cha pili ikasimama. "Hilo usiliruke," akasema. "Ikifika siku nimelisahau, awepo mtu anayelijua."

Baadaye kidogo aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia. Akacheka, akasema nimenenepa, tukaanza kusalimiana upya.

Siku ya kuagana tutaonyesha mchezo mfupi kwa heshima yake. Ameomba asipandishwe jukwaani wala asiitwe kuhutubia, na tumekubali. Atakaa safu ya tatu, binti yake kulia, mimi kushoto, mahali ambapo hajawahi kukaa katika maisha yake yote ya kazi. Waigizaji na watazamaji tunawaomba jambo moja. Huenda akapiga makofi pasipo mahali pake. Akipiga, tupige naye. Huenda akamjibu mwigizaji kwa sauti kutoka pale alipoketi. Akifanya hivyo asinyamazishwe, na aliye jukwaani ampokee na kuendelea naye.

Mama Ndoo, ahsante kwa sauti yako, kwa benchi lako, na kwa kuzomewa kwa niaba yetu. Tunakuombea siku za utulivu, hata zile ambazo hutajua ni akina nani waliokuombea.